Gari Lisilo na Paa na Zamu ya Kwanza

Hapo zamani, wanangu, zamani ya juzi tu, wala si ile ya wanyama kusema, kulikuwa na kisima kinachoitwa Eladima, kando ya jangwa la mawe. Mwaka huo mvua ilikataa. Maji yakashuka, yakashuka, mpaka kamba haikuyafikia. Watu wakaunga kamba mbili, nazo hazikuyafikia. Wakaomba pampu mjini, wakakubaliwa. Ila waliambiwa waje kuichukua wenyewe.

Na desturi ya Eladima ilikuwa hii: anayeleta maji, mifugo yake hunywa kwanza.

Mzee Bonaya alikuwa na gari kuukuu aina ya jeep, nusu bati, nusu kutu. Akaenda mjini na jirani yake Sora. Mashine ya pampu ilikuwa ndefu, haikuingia ndani ya gari. Wakaisukuma, haikuingia. Wakailaza, haikuingia.

"Toa paa," akasema Mzee Bonaya.

Wakafungua nati, wakaliacha paa pale pale mjini, wakapakia mashine, wakaondoka.

Hawajafika mbali, kioo cha mbele kikaanza kuyumba. Kinaenda mbele, kinarudi nyuma, kama mtu anayesinzia. Kumbe paa ndilo lililokuwa limekishika kwa juu, na hakuna aliyelifikiria hilo.

"Tukilaze juu ya boneti," akasema Sora.

"Tukilaze, halafu niendeshe kwa macho ya nani? Huoni mchanga huu?"

Basi Sora akasimama, akakishika kwa mikono miwili. Akakishika wakivuka korongo, akakishika wakipanda kilima, akakishika mpaka vidole vikafa ganzi.

Wakafika nyumbani kwa Mama Darmi, mjane. Nyumba yake ilikuwa ya miti iliyopindwa na kufunikwa mikeka, nyumba ya kuhamishwa juu ya ngamia. Alikuwa ameirithi kwa mama yake.

"Naona kioo chenu kinasalimia kila jiwe," akasema.

"Kinasalimia, Mama, na mikono yangu ndiyo inayoitikia," akajibu Sora.

Mama Darmi hakucheka sana. Aliingia ndani, akachomoa miti miwili, akaikata kwa kipimo cha gari. Mmoja kushoto, mmoja kulia, kutoka pembe ya juu ya kioo mpaka ubavuni mwa gari, nyuma ya viti. Nyumba ikainama upande.

"Mama, nyumba yako inalala!"

"Acha ilale. Mbuzi wangu wakilala, hawataamka."

Sora akaifunga miti kwa mikanda yake ya ngozi mbichi, iliyolowa maji, kama tunavyofunga matandiko ya ngamia, ili jua likiikausha ikaze. Kioo kikasimama wima. Mama Darmi akapanda nyuma, juu ya mashine, wakaondoka.

Lakini ngozi haijui pa kuishia. Jua likapiga, mikanda ikakaza. Jua likazidi, mikanda ikazidi. Fremu ikaanza kupinda, na kioo kikalia kri, kri.

"Sora! Umekifunga au umekinyonga?" akapaza sauti Mzee Bonaya.

Wakiikata mikanda, kioo kitayumba tena. Wakiiacha, kitapasuka. Sora akachukua jerikeni yake ya maji ya kunywa, akaidondoshea mikanda tone kwa tone. Ikalegea kidogo. Ikakauka, akaidondoshea tena.

"Kunywa na wewe kidogo," akasema Mama Darmi.

"Nikinywa mimi, Mama, ngozi itakunywa nini?"

Walifika Eladima jua likielekea kushuka. Jerikeni ilikuwa tupu na midomo ya Sora imepasuka. Mifugo ya wote watatu ilikuwa imeshaletwa pale na watu wa nyumbani kwao. Mingine ilisimama. Mingine ilikuwa imelala, shingo mchangani.

Pampu ikafungwa kisimani, ikanguruma, maji yakatoka membamba, kisha yakakatika. Tullu, msimamizi wa zamu, akachungulia birika la kunyweshea.

"Ya leo yanatosha kundi moja," akasema. "Kisima kinahitaji kupumzika mpaka kesho."

"Si tugawane?" mtu akauliza.

"Mkigawana, hakuna kundi litakalosimama. Nani amewaletea maji?"

"Mimi," akasema Mzee Bonaya. "Gari ni langu, na paa langu liko mjini, sijui kama nitaliona tena. Bila gari, mngeibeba mashine kichwani?"

"Na bila kutoa paa bila kufikiri, kioo kingeyumba?" akasema Mama Darmi. "Mimi nimetoa nyumba. Miti ile imekatwa, hairudi tena. Usiku huu nalala na upepo."

"Miti yako ilisimama kwa mikanda yangu, Mama," akasema Sora. "Na kabla ya miti, ilikuwa mikono yangu. Na baada ya miti, yalikuwa maji yangu."

"Maji ya kutengeneza kosa lako mwenyewe!" akafoka Mzee Bonaya. "Nani alikutuma ufunge kwa ngozi mbichi?"

"Nawe ulikuwa na kamba gani, Mzee?"

Mbuzi mmoja wa Mama Darmi alijaribu kuinuka, akashindwa. Kondoo wa Mzee Bonaya walikuwa wakilamba mawe. Mbuzi wa Sora hawakulia tena.

Tullu akakaa chini kando ya birika.

"Ndugu zangu," akasema, "nimechoka mno. Hata nguvu ya kukosea sina. Amueni nyinyi."

Watu wa Eladima wakatazamana.

Sasa nyinyi mmekaa, mmekunywa, hamna kiu. Semeni. Je, nani alistahili zamu ya kwanza? Na ukishamtaja, wale wawili wengine utawatazama machoni uwaambie nini?