Kiboko Aapa kwa Ngozi Yake

— Hodi, wenye masikio!
— Karibu, mwenye mdomo!
— Niwape au nisiwape?
— Tupe, hata kama ni uongo!

Basi hapo kale, katika mji wa Matopeni, alikuwako Kiboko, baba mwenye nyumba. Nyumba yake ilikuwa ndefu, vyumba tele, mlango wa mbele unatazama mto. Mwezi ukiandama alisimama hapo mbele, buu! buu! "Kodi!" Uani hakuingia hata siku moja. Uani ni kwa wapangaji na vyungu vyao, na mwenye nyumba mwenye heshima zake haendi kuchungulia vyungu vya watu.

Chumba cha mwisho alipanga Bi Pimbi, kanyama kadogo kasiko na mkia, na pacha wake wachanga.

Mwezi ule Kiboko akaja. Buu! Buu!

"Kodi imepanda! Mji wa Mawe wanalipa vikapu vitano vya mihogo. Nanyi leteni vitano, la sivyo tokeni!"

Masika yalikuwa karibu. Bi Pimbi akawatazama pacha wake, roho ikamwuma. Akasema kwa upole:

"Baba mwenye nyumba, kwani huko Mji wa Mawe umefika?"

"Sijafika. Nimesikia."

"Kikapu cha kule si kama kiganja tu? Mji wa Mchanga ni vikapu viwili, lakini kimoja hubebwa na punda wanne. Mji wa Matete hawatozwi kodi, ila maji wananunua. Sasa ghali ni wapi?"

Kiboko akakuna kichwa, kwaru, kwaru. "Ghali ni kule kwa vitano. Hapana, kule kwa viwili. Hebu ngoja!"

Mimi mwenyewe hesabu hii nimeipiga mara nyingi, inanishinda. Tuendelee.

"Nenda kaulize mwenyewe," akasema Bi Pimbi. "Kodi utakayoapa kwamba ni ya haki, ndiyo tutakayolipa sote."

Kiboko akacheka mpaka magego yakaonekana. Akaenda, tindi tindi tindi, mpaka Mji wa Mawe.

"Kodi hapa vikapu vingapi?"

"Chumba chenye paa au kisicho na paa?"

Tindi tindi tindi, mpaka Mji wa Mchanga.

"Kodi hapa vikapu vingapi?"

"Pamoja na uji wa asubuhi au bila uji?"

Tindi tindi tindi, mpaka Mji wa Matete. Huko wakamwuliza yeye: "Kwani kwenu ni vingapi?" Lo! Kwao amesahau! Jua likamchoma, ngozi ikaanza kupasuka, njia ikampotea. Akazunguka, akazunguka, akatokea kwenye ua asioujua, vyungu vinachemka, tokotoko.

"Hodi! Jamani, ngozi yangu inaisha. Chumba kipo?"

Bi Pimbi akamtambua. Akajitanda kanga mpaka puani, akabadilisha sauti.

"Kipo. Vikapu vitano."

"Vitano! Mama, huna huruma? Ukuta una nyufa, paa linavuja, choo kiko mbali!"

"Basi vinne."

"Huu ni unyang'anyi! Nusu kikapu, tena kile cha kiganja!"

"Apa kwamba hiyo ndiyo kodi ya haki ya nyumba hii."

Wapangaji wote wakaacha vyungu, wakasikiliza.

"Naapa kwa ngozi yangu! Anayetoza zaidi ya hapo ni mwizi!"

Wakampisha. Akapita ndani akitafuta kivuli, akafika mlango wa mbele. Akautazama mto. Akautazama tena.

"Mto huu naufahamu."

"Ndiyo, baba mwenye nyumba," akasema Bi Pimbi, akashusha kanga.

Kiboko akageuka nyuma. Wapangaji wote walikuwa wamesikia. Pacha wakabaki chumbani mwao, masika yakanyesha, na tangu hapo kila mtu analipa nusu kikapu cha kiganja. Kiboko naye analipa, kwa kuwa aliapa. Anamlipa nani? Msiniulize, kichwa kinaniuma.

Funzo lake, ndugu zangu: mkitaka kujua kodi ya haki, msihangaike na mpangaji. Mwulizeni mwenye nyumba, yeye hasemi uongo.

— Ngano nimeitua chini!
— Tumeiokota!