Ndevu za Kirimiri

Zamani hizo, majini walipokuwa bado wakipanga nyumba mtaa mmoja na wanadamu, mji wa Samarwani ulitawaliwa na Sultani Taufiki bin Ghanimu, naye alikuwa mtu mwema ila mwoga mno wa kuuawa, na woga wa mfalme ni shamba la wazandiki. Aliyelilima shamba hilo ni Zubeti. Chuoni alifukuzwa kwa wizi, na merikebuni akafukuzwa kwa fitina, na hata msikitini alipopewa kazi ya kuadhini akafukuzwa, ndipo akagundua kazi ya kumnong'oneza Sultani kwamba fulani ataka kumwua. Lo! Wangapi walikatwa vichwa kwa ulimi ule, naye akazidi kuvishwa majoho.

Siku moja akamsingizia Bakathiri, mpishi wa halua wa jumba, naye Bakathiri akafungwa pingu, akasimamishwa mbele ya Sultani. Na Mwana Siti, mjane aliyekuwa aolewe na Bakathiri Ijumaa ile, akakimbilia barazani miguu mitupu, kwani alikwisha kuzika mume mmoja, na wa pili hakuwa na machozi ya kumzikia.

"Ewe Maulana," akanena Zubeti, "kwa macho yangu nimemwona akila njama na jini nyuma ya jiko, wakuue."

Kadhi akasema, "Shahidi mmoja hatoshi kumtoa mtu roho. Wa pili yu wapi?"

"Wa pili ni jini mwenyewe! Aitwa Kirimiri, ana ndevu hadi kitovuni. Mwiteni basi!" Akacheka, maana jina lile alilitunga papo hapo.

Mwana Siti akainama mbele ya kiti cha enzi. "Maulana, umri wako uzidi. Shahidi ametajwa, na aitwe." Na kabla hajajibiwa akachota ubani, akautia katika chetezo cha Sultani, akalia, "Ewe Kirimiri, kama upo, njoo, wasije wakaniulia mtu wangu!"

Moshi ukajaa baraza zima, na ndani yake akatoka bibi kizee wa kijini, mnene, ushungi kichwani na mwiko mkononi.

"Nani aniitaye nami napakua pilau, wageni wamekaa?"

Sultani akajibanza kitini mwake. "Bibi, wamjua mpishi huyu?"

"Simjui, ila halua yake nimeiiba sana, Mungu amweke."

"Na huyu Zubeti?"

"Huyo ndiyo kwanza namwona. Kwani amesemaje?"

Kadhi akauma midomo asicheke. "Amesema una ndevu hadi kitovuni."

"Ndevu! Mimi, mama wa watu, niwe na ndevu? Haya, we Zubeti, ndevu ni zako. Kila uongo, zikue!"

Zubeti akaanguka kifudifudi. "Wallahi, Maulana, nimetubu kwa moyo safi!"

Ndevu zikamfika magotini.

Baraza likaangua kicheko, na Sultani peke yake hakucheka, bali aliwakumbuka waliokwisha kukatwa, akalia mbele za watu. Bakathiri akafunguliwa pingu, na Mwana Siti akampiga kifuani kwa ngumi zote mbili, akasema, "Umenitisha, we mwanamume!" kisha akamkumbatia, hakujali Kadhi wala nani. Ijumaa wakaoana, wakapewa nyumba ya Zubeti na majoho yake yote, na sinia la kwanza la halua likawekwa nyuma ya jiko, na asubuhi likakutwa tupu.

Na Zubeti akaishia kuzunguka mjini na mkasi kiunoni, akikata na kukata. Wahenga walisema njia ya mwongo ni fupi. Watu wa Samarwani huongeza, na ndevu zake ndefu.