Pimbi na Mbolea ya Kupandia

Hapo zamani za kale, wajukuu zangu, wakati wanyama wakilima na watu wakila nyasi, Bi Pimbi aliishi peke yake juu ya jiwe. Mumewe alichukuliwa na tai. Binti zake waliolewa ng'ambo ya bonde, wakasahau njia ya kurudi. Akipika uji, ni wa kikombe kimoja. Akipiga chafya, anajiombea mwenyewe, "Afya!"

Mwaka huo fukusi walimlia mbegu zote, na mvua ilikwisha kunukia. Asipopanda, itambidi aliache jiwe alilokaa na mumewe, akawe kibarua wa kupalilia mashamba ya wenzake.

Mara Korongo, bwana shamba wa Mfalme, akatua kijijini, pu!

"Sikieni! Mfalme ametoa ruzuku ya pembejeo! Kila mkulima mbegu na mbolea, bure!"

Akaruka zake.

Mwenyekiti wa kijiji alikuwa Nyati, na mwenzake wa kahawa alikuwa Faru. Mimi sisemi, lakini majirani walisema hao wawili jembe hawalijui hata mpini.

Pimbi alipofika ghalani, akawakuta wameikalia mifuko.

"Shikamooni, wazee wangu."

"Marahaba. Unataka nini, Bi Pimbi?"

"Mbegu zangu na mbolea yangu, baba."

Nyati akamgeukia Faru. "Umemsikia huyu? Hii ni ruzuku ya pembe-jeo! Maana yake ni ya wenye pembe. Mama, pembe zako ziko wapi?"

"Kho kho kho!" Faru akacheka. "Labda kazisahau nyumbani. Mwambie mumeo akuletee!"

Wanyama waliojazana mlangoni wakatazamana. Hata Fisi, asiye na haya, aliangalia chini.

Neno lile lilimchoma Pimbi. Angekuwa na mtu nyumbani, angekwenda kumlilia. Hana. Akajifuta pua kwa upindo wa kanga.

"Mwenyekiti, kumbe jina la kitu ndilo linalosema ni cha nani?"

"Ndilo! Nimesema mbele ya kijiji kizima, na sirudi nyuma."

"Haya baba. Na hizo mbegu ni za nini?"

"Za kupanda."

"Na mbolea?"

"Ya kupandia!" Faru akadakia. "Wewe mkulima gani hujui?"

"Basi ni mali ya wanaopanda," alisema Pimbi kwa upole. "Jiwe langu lile pale. Twendeni tukapande."

Loo! Kijiji kikalipuka. "Apande! Mwenyekiti apande!"

Nyati angefanyaje? Neno lilikuwa lake. Akarudi nyuma, akatimua mbio, kwata-kwata-kwata! Kwato zikateleza, sriii! Puu! Chali, miguu juu.

Faru akajitutumua. "Kijiwe kama hiki?" Alifika nusu, akashuka kwa makalio mpaka chini. Mkewe alimkanda kwa maji moto mpaka mkono ukamuuma. Msiseme nimewaambia mimi.

Pimbi akajitwika mbegu zake na mbolea yake, akakwea, pya-pya-pya, mpaka kileleni. Akapaza sauti:

"Mifuko iliyobaki wapeni wenye majembe!"

Nyati, bado ana vumbi puani, akainamisha kichwa. Kila mkulima akabeba mfuko wake.

Pimbi akacheka mpaka akashika mbavu. "We! Umemwona Faru alivyo—"

Akageuka. Hakuna mtu.

Kule chini wenzake walikuwa wakienda makwao wawili wawili, wanasimuliana, wanamwiga Nyati, wanachekana. Sauti zao zikafifia bondeni. Hakuna aliyekumbuka kutazama juu.

Pimbi akazifunika mbegu vizuri zisipate unyevu, akachukua jembe, akashuka kuchimba mashimo.

Wajukuu zangu, ujanja wa mmoja hujaza ghala, lakini kicheko kinataka wawili.