Mgeni Mwenye Mbeleko Tupu

Vuta pumzi. Haya, ishushe. Umeona ilivyo rahisi? Hata hukufikiri. Sasa tulia nikusimulie habari za mtu ambaye kazi hiyo ilimshinda, na watu watatu waliomsaidia kuifanya, na mmoja aliyekuja kumwachisha.

Nakuonya mapema: kisa hiki kimewatoa jasho wenye vyeti vyao. Mimi shule niliiacha darasa la sita, au yenyewe ndiyo iliyoniacha, tusibishane. Lakini kwa kusimulia sijaona wa kunikaribia huku milimani kwetu, na kama yupo aje tu. Kazi yangu ni kusimulia. Kuamua ni kazi yako, wewe uliyesoma.

Juu kabisa, upande wa Rungwe, kwenye baridi ya kumfanya mtu aongee meno yakigongana, palikuwa na hospitali ndogo yenye wodi ya njiti. Njiti ni wale watoto wanaozaliwa kabla ya siku zao, wadogo kiasi kwamba pete ya mama inapita mkononi mwao kama bangili. Katika wodi ile walifanya kazi watu watatu, kila mmoja na kipaji chake.

Wa kwanza Sekela, nesi mwenye mabega mapana. Kipaji chake kilikuwa kushikilia. Alipokuwa msichana, upepo uling'oa bawaba za mlango wa kwao usiku wa mvua, akausimamisha ule mlango kwa mgongo wake mpaka mvua ikakatika, na nyumba nzima imelala. Akishika, ameshika.

Wa pili Ambakisye, mwanamume pekee wodini, mpiga ngoma wa kwaya. Kipaji chake kilikuwa kushtua. Alisikia ukimya kama wewe unavyosikia kelele. Kwaya ikianza kusinzia, pigo lake moja liliwainua hata wale wa benchi la nyuma waliolala tangu sala ya kwanza.

Wa tatu Atuganile, mdogo wao, mwenye sauti ya chini. Kipaji chake kilikuwa kubembeleza. Ng'ombe aliyekataa kukamuliwa na kijiji kizima alimpa yeye maziwa. Mtoto aliyelikataa titi alilipokea Atuganile akimshika kichwa.

Basi mama mmoja, Subilaga, akajifungua njiti wa kiume wiki ile ukungu uliposhuka na kugoma kuondoka. Hospitali kubwa, yenye wataalamu wa kumpitishia mtoto mpira kooni na kumpumulia, ilikuwa ng'ambo ya barabara iliyomezwa na udongo. Huku juu ilibaki njia moja tu: kumsaidia kwa hewa ya puani, na mtoto mwenyewe apambane.

Mchana ule taa zilikuwa zimewashwa kwa jinsi ukungu ulivyobanana na madirisha. Subilaga amekaa kando ya mwanawe. Mlangoni ikasikika sauti ya kike, ya upole:

"Hodi."

Akageuka. Mlangoni hapakuwa na mtu. Lakini Subilaga alilelewa akaleleka, na wewe usinicheke, maana ungefanya vilevile. Mdomo wake ulijibu kabla ya kichwa chake.

"Karibu."

Ndipo akaingia.

Nje kulikuwa na manyunyu, ila kanga yake ilikuwa kavu. Watu wote wodini walitoa mvuke midomoni kwa baridi, yeye hakutoa. Na mgongoni alikuwa amefunga mbeleko, imekazwa vizuri kama ya mama yeyote, lakini ndani yake hamna kitu.

"Shikamoo," akasema Subilaga.

Mgeni hakuitikia. Alikaa miguuni pa mtoto, akavuta pumzi ndefu, polepole, kama mtu anayepandisha ndoo kutoka kisimani. Kifua cha mtoto kikabonyea. Ngozi ikaingia katikati ya mbavu.

"Nimekuja kumbeba," mgeni akasema. "Umenikaribisha mwenyewe, mwanangu."

"Sikujua ni wewe."

"Hakuna anayejua. Ndiyo maana huwa napiga hodi."

Subilaga peke yake ndiye aliyemwona. Wale watatu walihisi baridi tu, na wakasikia mtu akipumua mahali pasipo na mtu.

"Sista! Mtoto!" Subilaga akalia, na Sekela akawa ameshafika.

Mapafu ya njiti, nakwambia mimi niliyekaa na manesi mpaka wakanichoka, ni kama mfuko wa nailoni uliolowa. Hewa ikitoka, kuta zinagandana, na kila pumzi ni kuzibandua upya. Mtoto anakufa kwa uchovu wa kubandua. Sekela akamchomeka vimipira viwili puani, vikabana vizuri, akavikaza kwa kofia. Ncha ya pili ya mpira akaizamisha kwenye chupa ya maji. Chupa ikaanza kutokota bila moto: blu, blu, blu. Hewa ile haikuwa ya kupuliza na kuachia. Ilikaa palepale, inasukuma kwa nguvu ileile, mtoto avute asivute, ili mapafu yasije yakafunga. Mgeni akavuta. Chupa ikajibu. Akavuta tena mpaka mbeleko ikaanza kuning'inia kama imepata uzito kidogo, na Sekela amesimama, mkono kwenye mpira, mgongo umenyooka, hajui anashindana na nani.

Ikawa hivyo usiku kucha, mpaka mbavu za mtoto zikaacha kuonekana.

"Huyu ana mgongo," mgeni akasema, akaacha kuvuta.

Akaanza kuimba.

Maneno ya wimbo ule siyasemi hapa. Ulikuwa wa kubembelezea mtoto, mzuri mno. Wamama wa vitanda vingine wakainamisha vichwa. Hata Sekela akapiga miayo. Chupa inatokota, mapafu yako wazi, kila kitu kiko sawa, ila mtoto alikuwa anasikiliza wimbo, na katika kusikiliza akasahau kupumua. Njiti husahau, ubongo wao haujazoea kazi hiyo. Akabadilika rangi taratibu, akawa kama jivu. Mbeleko ikazidi kushuka.

Ambakisye alikuwa upande wa pili wa wodi anakunja mashuka. Akasimama ghafla.

"Nani kanyamaza?"

Chini ya mapovu alikuwa amesikia ukimya. Akaruka, akamkwangua mtoto unyayo kwa kucha, kisha akamhamishia kwenye mashine yake. Vimipira ni vilevile vya puani, ila hii, juu ya ule msukumo usiokoma, inaongeza pigo: pu... pu... pu. Kama mtu anayegonga mlango wa mlevi.

"Amka wewe! Kwaya haijaisha!"

Wimbo ukimvuta chini, pigo linampandisha juu. Ambakisye akakaa naye, masikio wima, akiongeza mapigo pale mtoto alipozama na kuyapunguza pale alipokumbuka mwenyewe. Mwisho mgeni akakosa mdundo, akachanganya wimbo wake mwenyewe, akanyamaza.

"Huyu ana masikio," akasema.

Unafikiri yameisha? Tulia basi.

Safari hii mgeni hakuvuta wala hakuimba. Aliinama, akamtazama mtoto kwa huruma, na hapo ndipo Subilaga aliogopa kuliko mwanzo. Maana pua ya mtoto ilikuwa imechubuka kwa vile vimipira vya kubana. Tumbo lilikuwa limejaa hewa ya mapigo, limekaza kama ngoma. Maziwa yakipitishwa yanarudi. Analia bila sauti, anapeleka kichwa huku na huku.

"Unaona?" mgeni akamnong'oneza mama. "Sasa hata simgusi. Mwenyewe anataka kuja."

Na kweli, mkono wa mtoto, mdogo kama jani la chai, ulikuwa umenyooshwa upande wa mgeni.

Atuganile akapita. Hakukimbia. Akatazama pua, akagusa tumbo, akasema kwa ile sauti yake, "Huyu mmemchosha." Akavua vimipira vya kubana, akaweka vyembamba, laini, visivyojaza tundu la pua. Humo akapitisha hewa nyingi inayokwenda mbio, lakini imepashwa moto na kuloweshwa, kama pumzi ya mama umekaa naye uso kwa uso. Akamtoa kitandani na mipira yake, akamlaza juu ya kifua cha Subilaga, ngozi kwa ngozi. Tumbo likalegea. Ule mkono ukarudi, ukashika ngozi ya mama. Baadaye tone la maziwa likaingia na lisirudi.

Mbeleko mgongoni mwa mgeni ikalala bapa.

"Huyu ana mkono," mgeni akasema, akasimama. "Haya, naondoka. Ila mimi nilikaribishwa kwa adabu, na sitoki hivihivi. Niambie, mwanangu: nani kanishinda?"

"Wote watatu."

Kwa mara ya kwanza mgeni akacheka, na taa za wodi zikafifia.

"Jibu hilo wamama wote hunipa. Hapana. Aliyenishinda ni mmoja. Wale wawili walinichelewesha tu. Ukimtaja wa kweli, mwanao simgusi tena mpaka awe na mvi na wajukuu. Ukikosea, nitarudi kumchukua, na sitangoja kukaribishwa."

Akaenda kusimama mlangoni, mguu mmoja ndani, mwingine umeshamezwa na ukungu.

Subilaga akawaita wale watatu. Hakuthubutu kuwaambia aliye mlangoni, aliuliza tu, "Jamani, kati yenu ni nani hasa aliyemwokoa mwanangu?"

Wakatazamana. Wakadhani mama anatafuta wa kumpelekea kuku wa shukrani.

"Kama ni kuku, mimi napenda jogoo," akasema Sekela. "Bila mimi mapafu yangeshikana siku ileile. Hawa wangepiga ngoma kwenye nyumba gani?"

"Dada Sekela, wewe ulifungua nyumba, lakini mwenye nyumba alikuwa ameondoka," Ambakisye akasema. "Chupa yako ilikuwa inatokota puani mwa maiti, samahani mama, na wewe unapiga miayo. Nani aliyemrudisha?"

"Ulimrudisha umemjaza upepo kama mpira wa miguu!"

"Na wewe uliyemchuna pua je?"

"Acheni kelele, mtoto kalala," Atuganile akasema. "Mlimpigania nyinyi, sikatai. Lakini mlipigana mpaka akachoka kuishi. Mimi ndiye niliyemfanya atake."

"Sikia huyu!" Sekela akashika kiuno. "Mdogo wangu, hicho kijiupepo chako cha kupoozea chai ungekileta siku ya kwanza, mapafu yale yangekisikia?"

"Yasingekisikia," Atuganile akakubali. "Lakini na wewe chupa yako ungeiendeleza mpaka leo, ungebaki na mtoto?"

Sekela akakiachia kiuno.

Wakacheka wote watatu, wakapigana mabega kama watu wa kazi moja. Ambakisye akasema kuku akija apikwe palepale wamle wote, hata mifupa yeye anaitaka. Hawakuona kwamba kila aliposema mmoja wao, yule wa mlangoni aligeuza kichwa kumtazama, taratibu, mmoja baada ya mwingine. Subilaga aliona. Aliona pia kwamba mbeleko ilikuwa imefunguliwa, na mgeni anaikung'uta, anaikunja upya, kama mama anayejiandaa kubeba.

"Nangoja," mgeni akasema.

Sasa wewe. Usianze kuniletea ujanja. Ukisema wote watatu, umeshasikia alivyocheka. Ukisema ni mama, huyo mama ndiye aliyesema karibu. Ukisema ni mtoto mwenyewe, mtoto alikuwa amenyoosha mkono, tena si upande wetu. Nimemuuliza kisa hiki daktari mmoja aliyekuja kutibu malaria yangu; alisema inategemea, inategemea, mpaka chupa ya maji ya dripu ikaisha. Nimemuuliza mama yangu, akanifukuza jikoni.

Sekela aliyeyashikilia mapafu yasifunge. Ambakisye aliyemrudisha alipokuwa ameshasahau. Atuganile aliyempa sababu ya kubaki. Mmoja alishinda, wawili walichelewesha. Mtoto amelala kifuani, anapanda, anashuka, anapanda. Subilaga amevuta pumzi ili ataje jina.

Je, wewe ungemtaja nani? Sema kwa sauti. Anayelingoja jibu si mimi.