Kanuni Mpya za Bi Pelele

Hapo zamani, zile za kale hasa, wanyama walipokuwa na nyumba, vyungu na majirani wa kusengenya, kiangazi kilikuwa kikali mpaka nchi nzima ikabakiwa na kisima kimoja. Kwa kuwa maji yalikuwa haba, wanyama walikubaliana hivi: kila baada ya siku saba, yeyote anayetaka amkabili bingwa kwa sataranji, na nyumba ya mshindi ndiyo itangulie kisimani kwa siku saba.

Bingwa alikuwa Kifaru. Si kwamba alikuwa fundi. Alikuwa na ngome zake mbili, zile kete nene za pembeni zinazokwenda moja kwa moja, na yeye mwenyewe alikuwa mtu wa kwenda moja kwa moja. Alizisukuma tu, nazo zikafagia ubao. Kisha aliingia kisimani yeye, mkewe na mwanawe Kishindo, wakagaagaa humo hadi wakachoka. Waliofuata walikunywa uji wa tope.

Uji huo ndio uliokuwa ukiwakohoza watoto wa Bi Pelele. Pelele ni mnyama mdogo wa majabalini, hafiki hata goti la Kifaru. Siku ya mchezo aliwaacha watoto wake wanne juu ya jabali la kando ya kisima wakiwa na kibuyu kitupu, akaja kuketi mbele ya bingwa, akapangusa vumbi ubaoni kwa kiganja.

Mwamuzi alikuwa Kobe. "Sheria ya kisima ni ileile," alisema. "Kete zinakwenda kwa kanuni ambazo wachezaji wote wawili wanazijua. Kanuni ambayo mmoja haijui, haichezwi."

"Tucheze za kawaida," alisema Kifaru.

"Za kawaida zipi, kaka? Zile za zamani, au hizi wanazocheza wenye akili siku hizi?"

Kifaru alisita. Hakujua kwamba ziko za aina mbili. Lakini nyuma yake alisimama Nyati na umati mzima wa wanyama, na masikio yote hayo yalimwelekea yeye.

"Za siku hizi," alisema. "Za zamani nilishaziacha."

"Nilijua tu. Basi unajua kwamba ngome haitembei."

"Haitembei?"

"Ngome ni ukuta, kaka. Umeona wapi ukuta umetoka matembezini?"

Kifaru alizifikiria kuta zote alizowahi kukutana nazo. Kweli, hakuna hata mmoja uliokuwa ukitembea. Kadhaa alikuwa ameziangusha, lakini hilo ni jambo jingine.

"Kifaru," aliuliza Kobe, "kanuni hii unaijua?"

"Naijua tangu sijaota pembe."

Wakaanza. Tak, tak. Mkono wa Kifaru ulikwenda wenyewe kwenye ngome, akaurudisha, ukaenda tena, akaukalia. Akaamua kumtumia farasi. Farasi akaruka, akamla askari mmoja wa Pelele, na Kifaru akajisikia vizuri kwa muda mfupi.

"Hongera," alisema Pelele. "Sasa huyo anapumzika zamu tatu."

"Nani?"

"Farasi. Ameruka, amechoka, anakula majani. Wewe ungeruka hivyo usingehema?"

Kifaru angehema sana. Alimtazama farasi wa mti, na kwa namna fulani akamwona kweli amechoka. Kichwani mwake mlikuwa kama chungu kinachokorogwa na mtu asiyejua anapika nini.

"Unaijua?" aliuliza Kobe.

"Mwamuzi, usinichoshe. Naijua."

Nyati aliinama sikioni kwake. "Hivi wewe unaelewa hapa?"

"Sana. Wewe huelewi?"

"Mimi? Naelewa kukuzidi," alisema Nyati, akarudi nyuma haraka.

Bi Pelele hakuwa na haraka. Kanuni hizo alizitunga mwenyewe juu ya jabali, akazicheza na watoto wake kwa vijiwe siku sita mfululizo. Alijua kila farasi wake anaamka zamu ya ngapi. Askari wake walikwenda mbele, na walipotishwa walirudi nyuma, kwa sababu, alieleza, askari mwenye familia hukimbia. Kifaru akasema naam, hiyo nayo anaijua, akamrudisha askari wake mmoja nyuma bila sababu yoyote, ili waone kwamba anaijua.

Hata hivyo, mwenye nguvu hakosi bahati. Kwa kusukuma huku na huku bila mpango, Kifaru alishtukia askari wake wamemzingira shaha wa Pelele, ile kete kuu ambayo ikikosa njia mchezo umekwisha. Alihesabu mara mbili. Shaha hakuwa na pa kwenda. Kwato zilimwasha kwa furaha.

"Shaha amekwama," alisema. "Mama Kishindo, andaa mwili, tunakwenda kuoga."

Bi Pelele aliwatazama watoto wake kule juu ya jabali.

"Amekwama kweli," alisema polepole. "Na shaha akikwama, ubao unageuzwa. Wangu wanakuwa wako, wako wanakuwa wangu. Si ndivyo wanavyocheza wenye akili, kaka?"

Kobe alinyoosha shingo yake yote. "Kifaru, nakuuliza kwa mara ya mwisho. Kanuni hii unaijua?"

Kifaru alitaka kusema hapana. Neno lilifika mpaka kwenye meno. Neno moja tu, na maji ni yake. Lakini alimwona Nyati anatikisa kichwa kukubali kama mtu aliyezaliwa anaijua, na umati nao ukatikisa, na ikawa kwamba duniani kote asiyejua ni yeye peke yake.

"Nani asiyeijua hiyo?" alisema.

Khrrr. Ubao ukageuzwa. Shaha aliyezingirwa akawa wa Kifaru. "Kwa kanuni mnazozijua wote wawili," alisema Kobe, "Bi Pelele ameshinda."

Watoto wanne walishuka mbio na kibuyu chao, wakanywa maji meupe, wakanywa tena, na kikohozi chao hakikusikika. Kifaru akaenda kukaa chini ya jua na mkewe.

"Baba Kishindo," alisema mkewe, "hizo kanuni nzuri. Nifundishe, nicheze mimi safari ijayo. Farasi analala zamu ngapi?"

Kifaru alitazama mbali.

"Nitakueleza kesho," alisema. "Leo kichwa kinaniuma."

Hadithi yangu imefika kisimani, imekunywa, imekwenda zake. Nanyi mkumbuke kwamba anayeona haya kusema "sijui" huchezeshwa na yeyote atakaye.