Sehemu ya Ziwa

Mwanamke mmoja alikuwa na neno moja la kutunza: neno la kufungua ziwa. Jina lake Waabigwan, wa Waanishinaabe, watu wa nyumba chache katika misitu ya Amerika ya Kaskazini, kusikofika barabara mpaka maji yagande na kupitika. Ziwani kwao mpunga huota wenyewe. Mmoja husukuma mtumbwi kwa upondo. Mwenzake huinamisha mabua, akayapigapiga kwa vijiti vyepesi, punje zikadondoka mtumbwini. Lakini hakuna mtumbwi uingiao kabla Waabigwan hajasema.

Mwaka mmoja mpunga ulichelewa kukomaa, na mawingu ya dhoruba yakaanza kujikusanya. Kaka yake, Zhingobi, akaja na nusu ya kijiji nyuma yake.

“Dada, upepo hautakuomba ruhusa,” alisema. “Tuingie leo, tupige kwa nguvu. Au wakati wa baridi utatupikia mawingu?”

Watu wakacheka, ila si sana. Waabigwan akaminya punje moja. Ikatoa maji meupe kama maziwa; ilikuwa bado changa. Alijua njaa ikija itaanzia kwake, kwa kuwa ghala lake ndilo lililokuwa tupu kuliko yote.

“Punje hii haitamlisha mtu, na bua likivunjika halitalilisha ziwa,” akajibu. “Hata ziwa lina sehemu yake. Subirini.”

Hapakuwa na askari wala uzio. Zhingobi aliutazama mpunga, akaulaza upondo wake nchi kavu. Wote wakafanya vivyo hivyo.

Upepo ukaja. Kadiri punje zilivyokomaa ndivyo ulivyozipukutisha majini, na mavuno yakawa haba. Waabigwan alipokea lawama bila kujitetea. Wakakaanga kile kidogo, wakapura, wakapepeta, kila nyumba ikapata chake. Wakatega nyavu chini ya barafu, wakagawana samaki. Walikonda, lakini hakuna aliyehama.

Mwaka uliofuata punje zilizozama ziliota, na mpunga ukasimama ziwa zima, mrefu, mzito, hata mtumbwi ukiingia hauonekani tena. Na wa kwanza kufika mlangoni kwa Waabigwan alikuwa Zhingobi. Aliketi, akangoja neno.

Ndugu zangu, watu hawa huitwa wachache, huitwa wa mbali. Basi nionyesheni mji mkubwa unaoweza kungoja mbele ya chakula, hali njaa imeketi nyumbani: uko wapi?