Siwema na Fundo la Mwisho

Paukwa!

Pakawa!

Mmeitika kama mnaumwa meno. Paukwa!

Pakawa!

Haya, ndiyo hivyo. Sogezeni kuni, na wewe uliyekalia mkia wa paka, ondoka hapo. Hadithi ya leo si ya kubembelezea watoto. Ina hasira ndani yake, na hasira yenyewe ni ya haki.

Hapo zamani za kale, wakati watu na wanyama walipoazimana chumvi na kusutana mlango kwa mlango, palikuwa na mji ukiitwa Mavumbini. Mwisho kabisa wa mji huo aliishi mjane, jina lake Siwema, na mjukuu wake Mashavu. Nyuma ya nyumba yao palikuwa na jalala.

Msidhani Siwema alijenga jalalani. Siwema alijenga kwanza, jalala likamfuata. Jumbe wa mji alikuwa Kiboko. Siku moja aliulizwa, "Jumbe, taka tutupe wapi?" Akatazama huku na huku, akatafuta nyumba isiyo na mume wa kugomba wala kaka wa kushika rungu. Akanyoosha mdomo wake ule mpana, akasema, "Pale." Basi ikawa pale. Mji mzima ukatupa pale, na upepo ukivuma, harufu inaingia kwa Siwema bila hodi.

Siwema hakulia. Kulia kunafagia? Alichukua kijiti, akaenda kupekua. Huko alimkuta Kuku, naye anapekua. Wakaamkiana, wakagawana kazi: kinacholika cha Kuku, kisicholika cha Siwema.

Sufuria lililotoboka akalitia udongo, akapanda mrehani. Vigae vya sahani akavipachika ukutani, ukuta ukacheka. Vifuu vya nazi akavisugua kwa mchanga mpaka vikang'aa, akamtengenezea Mashavu vipuli vya masikio. Vifungo vya makoti yaliyokufa akavitunga, ukawa mkufu. Mashavu akipita kisimani wasichana humzunguka.

"We Mashavu, hivyo umenunua wapi?"

"Kwa bibi. Duka la uani."

Lakini kitu kimoja Siwema hakukiokota popote, nacho ni uzi. Uzi alikuwa akiupata kwa katani aliyoipanda mwenyewe, akaiponda mwenyewe, akaisokota juu ya paja lake mwenyewe mpaka paja likaota sugu. Na mshono wake ulikuwa mmoja, mshono wa mnyororo: kila kitanzi kimeshika mwenziwe, kutoka mwanzo hadi mwisho bila kukatika. Mshono huo ukifungwa fundo mwishoni, ng'ombe hawezi kuuvuta. Usipofungwa fundo, mtoto mchanga anaufumua. Shikeni hilo, msilitupe.

Basi Mashavu akaposwa na kijana wa ng'ambo ya mto. Na desturi zao zilikuwa mbili. Ya kwanza: siku ya Ijumaa mashangazi wa bwana harusi huja kukagua chumba cha biarusi. Wakikikuta kitupu, posa inarudi ilikotoka, wala hakuna mjadala. Ya pili: kila kitu kilichoshonwa kwa ajili ya chumba hicho huachwa bila fundo la mwisho. Fundo hilo hulifunga biarusi mwenyewe, kwa mkono wake, siku ya kuingia.

Siwema akashona vitu vitatu. Kwa kanga zilizochanika alizotupa Bi Tausi, akashona pazia la mlango, kipande kwa kipande, jekundu likiliita jeusi na jeusi likiitikia. Kwa magunia yaliyotoboka aliyotupa Bwana Fisi, akasuka mikanda, akaitia rangi ya magome ya mkoko, akaizungusha na kuishona ikawa zulia la duara. Na kwa joho lililopasuka mgongoni alilotupa Jumbe Kiboko, akashona tandiko la kitanda lenye vishada pembeni. Kila kimoja akakiachia ncha ya uzi, akaifutika chini ya pindo. Fundo, bado.

Siku ya Jumatano Bi Tausi akapita, pua juu.

"Hodi humu! Nasikia mnaoza na mnaozesha siku moja."

"Karibu, Bi Tausi. Angalia usikanyage mrehani."

Tausi akaingia acheke. Akaona pazia. Kicheko akakisahau.

"Hii si kanga yangu?"

"Ilikuwa yako. Ukaitupa."

"Sikuitupa, niliiweka!"

"Uliiweka juu ya maganda ya mihogo?"

Tausi alitoka mbio, mkia unafagia njia, moja kwa moja kwa Jumbe. Na Jumbe Ijumaa hiyo hiyo alikuwa na karamu: anakuja jumbe wa mji wa pili, na Kiboko hakuwa na vazi jipya la kumtosha tumbo.

Alhamisi asubuhi wakaja watatu, Kiboko mbele, Fisi katikati, Tausi nyuma. Hawakupiga hodi. Mwenye nguvu hodi haijui.

"Siwema," akasema Kiboko, "umeficha mali za watu."

"Mali gani, Jumbe? Mlileta taka hapa miaka saba. Mimi nimefua, nimekata, nimeshona. Mlipotupa mlisema ni nini?"

"Joho langu nalijua," akasema Kiboko.

"Gunia langu nalijua," akasema Fisi, mate yanamtoka, maana ndiyo tabia yake hata kama hakuna nyama.

"Kanga yangu naijua," akasema Tausi.

Kiboko akapanua kinywa, akatoa hukumu. "Kilichotupwa ni cha aliyekitupa! Nimesema, nimesema, nimesema."

Mwaona? Alikuwa ndiye mdai, ndiye hakimu, ndiye mpagazi. Wakang'oa pazia. Wakakunja zulia. Wakavuta tandiko kitandani, kitanda kikabaki kamba tupu. Kiboko akajifunga lile tandiko mabegani hapo hapo, akajigeuza, akauliza, "Nimependeza?" Wenziwe wakasema, "Umependeza, Jumbe." Mbele ya mwenye kazi! Wasimwambie hata ahsante.

Mashavu akakaa chini. "Bibi, kesho mashangazi wanakuja. Tuwafuate tukawaombe, hata lile pazia tu."

"Tuombe nini? Mtu anaomba cha mwenziwe. Changu nitakiombaje?"

"Sasa chumba?"

Siwema hasira zilimpanda. Alikuwa akiyahesabu mapaja yake, sugu zake, vidole vyake vilivyochomwa na sindano kila jioni. Angekuwa karibu na mchi angeutumia. Halafu akatulia ghafla, akauliza, "Mashavu, umeona mmoja wao akiuliza fundo?"

"Fundo gani?"

"Ndilo nililotaka kujua. Lala mapema, kesho tunakwenda karamuni."

Ijumaa mashangazi wakafika, watatu, na mkubwa wao akiitwa Bi Arafa, mwanamke mrefu mwenye macho ya kuhesabu. Akasimama mlangoni pasipo na pazia, akatazama sakafu isiyo na zulia, akatazama kitanda cha kamba tupu.

"Bi Siwema, chumba kiko wapi?"

"Chumba kimekwenda karamuni kwa Jumbe. Twende mkakikague huko huko."

Bi Arafa akawatazama nduguze. "Miaka yangu yote sijasikia chumba kikialikwa karamu. Twendeni."

Wakafika uwanjani, pilau imeshapakuliwa, jumbe mgeni amekaa. Tausi amejitanda pazia kama shali, anapita polepole ili kila mtu aone. Fisi amekalia zulia, kajinyoosha. Kiboko amevaa tandiko, na ndani ya tandiko hakuvaa kitu, maana alijiona ametosheka.

Siwema akamwendea Tausi. Akashika pindo, akatoa ncha ya uzi, akaimba:

*Kitambaa ni chako,
tundu ni lako,
uzi ni wangu, uzi njoo!*

Akavuta. Trrrrr! Uzi ukaja. Pazia likaachana kipande kwa kipande, matambara yakamwanguka Tausi miguuni. Tausi akapiga ukelele, na mnaujua ukelele wake.

Akamwendea Fisi.

*Gunia ni lako,
tundu ni lako,
uzi ni wangu, uzi njoo!*

Trrrrr! Zulia likazunguka chini ya Fisi kama pia, mikanda ikafumka, Fisi akabingirika mpaka kwenye majivu ya jiko.

Kiboko akainuka. "Mkamateni!" Lakini mwenye mwili mkubwa huinuka kwa awamu, na Siwema alikuwa ameshafika.

*Joho ni lako,
tundu ni lako,
uzi ni wangu, uzi njoo!*

Trrrrr! Tandiko likafunguka mgongoni, likafunguka kifuani, likaanguka. Jumbe wa Mavumbini akasimama mbele ya mgeni wake kama alivyozaliwa, na pilau mkononi. Watoto wakaziba macho, vidole wameviachanisha.

"Mwizi! Nirudishie vazi langu!"

"Vazi lako hilo hapo chini," akasema Siwema, "na mpasuko wako wa mgongoni, sikuugusa. Nimechukua uzi tu. Yupo aliyetupa uzi? Aseme."

Kiboko akawageukia watu wake.

"Mfungeni! Amevunja hukumu yangu!"

Hapo Kuku akapenya katikati ya miguu ya watu. "Jumbe, samahani. Hukumu yenyewe ilisemaje? Mimi nilikuwa jalalani, sikuisikia vizuri."

"Kilichotupwa ni cha aliyekitupa!"

"Unasema kweli?"

"Nimesema, nimesema, nimesema!"

"Basi jamani," Kuku akawageukia wenzake, "kaleteni mali za watu."

Na nani anayejua jalala kuliko kuku? Wakaenda kuku wa mji mzima, na watoto nyuma yao na matenga, na wanawake ambao kwa miaka saba walikuwa wakitaka neno la kusema wasilipate. Wakarudi wamebeba.

"Bwana Fisi, mifupa yako, na mafunza yake hayajapungua!"

"Bi Tausi, kopo lako la haja, lile la ukingo wa dhahabu!"

"Jumbe Kiboko, maganda yako ya maboga ya tangu masika, tuyaweke hapa mezani au tukupelekee chumbani?"

Wakamwaga mbele ya mgeni, wakarudi kuchota tena. Harufu ile ambayo Siwema alikuwa ameivuta miaka saba, Kiboko aliivuta mara tatu tu, akaanza kupaliwa.

"Basi! Basi! Aliyetupa ametupa! Si chake tena!"

"Hatujasikia," akasema Siwema.

"Si chake tena!"

"Jumbe mgeni hajasikia."

"Si chake tena!" Akayapiga teke matambara ya joho. "Ondoa na haya! Ondoa yote!"

"Umeyatupa?"

"Nimeyatupa!"

"Mbele ya watu?"

"Mbele ya watu!"

Siwema akainama, akaokota matambara, moja moja, bila haraka. Kiboko hakungoja amalize. Alikimbia mpaka mtoni, akazama. Na mpaka leo mchana hatoki majini, anatoa macho tu kuchungulia kama watu bado wanacheka. Wanacheka.

Mashavu alikuwa amesimama pembeni, furushi la matambara mikononi, anamtazama Bi Arafa. Chumba bado kilikuwa kitupu. Desturi ni desturi.

Bi Arafa akaja, akashika kipande kimoja, akakigeuza, akatazama vitundu vya sindano vilivyopangana kama meno ya mtoto.

"Nilikuja kukagua chumba," akasema. "Chumba hubebwa, nimekiona kimebebwa; kazi ya mkono haibebwi. Binti, mshono ule bibi yako amekufundisha?"

"Amenifundisha, shangazi."

"Na kuufumua amekufundisha?"

"Amenifundisha."

"Basi mwanetu akae akijua." Akawageukia nduguze, akavua shela, akakaa chini pale pale. "Mnangoja nini? Leteni sindano."

Wakashona Ijumaa, wakashona Jumamosi, wanawake watano na Kuku wa kushika mpira wa uzi. Jumapili Mashavu akaingia chumbani kwake. Akafunga fundo la pazia, akafunga fundo la zulia, akafunga fundo la tandiko, kila moja akalikaza kwa meno.

Na tangu siku hiyo hakuna aliyetupa kitu nyuma ya nyumba ya Siwema. Msiseme walipata adabu. Walipata woga, na woga ukidumu hufanya kazi ile ile. Kila mmoja akachimba shimo uani kwake. Mwenye kitambaa chakavu huja mlango wa mbele, hupiga hodi, husema, "Bi Siwema, nina gunia hapa, unalitaka?"

Naye hulitazama kwanza.

Hadithi yangu imeishia hapo, na fundo nimelifunga. Anayetaka kuifumua, aje na sindano yake.